Kucha za Bi Kengele

Ko, ko. Kijiko kiligonga mfuniko wa birika mara mbili, kwa upole, kabla hata jogoo wa jirani hajakohoa. Hivyo ndivyo Bibi alivyomwamsha mjukuu wake tangu mtoto huyo alipokuwa akilala na kidole mdomoni. Hakuita jina wala hakumtikisa. Aligonga mara mbili, akasubiri, na aliyelala akajua kwamba kuna mtu yuko macho kwa ajili yake na chai iko njiani.

"Shikamoo Bibi." Sauti ilitoka chini ya shuka, kwenye kochi.

"Marahaba, mke mwenzangu. Leo umeikumbuka njia?"

Mjukuu alicheka. Alikuwa mwanafunzi wa chuo, na ukoo mzima ulimwita Chiriku kwa sababu alianza kuongea kabla hajaanza kutembea na mpaka leo hajanyamaza. Zamani Ijumaa jioni haikumkuta kwingine ila hapa. Alikuja na mkoba wake, akalala kwenye kochi, na Jumamosi asubuhi akamkata Bibi kucha za miguu, kwa kuwa mgongo wa Bibi ulishakataa kuinama. Wakati mkasi unafanya kazi, wao waliwasengenya ndugu mmoja baada ya mwingine, kuanzia wajomba mpaka mashangazi. Lakini tangu filamu ya yale mafuriko ya zamani ianze kuonyeshwa, Jumamosi za Chiriku zilikuwa zimehamia mtaa wa pili, kwa Bi Kengele. Hata leo alikuja kulala tu. Mchana angekwenda huko huko.

Bibi na Kengele walikuwa maopereta pamoja ujanani, katika kituo cha simu, enzi zile za kuwaunganisha watu kwa kuchomeka waya kwa mkono. Siku bwawa la juu lilipopasuka, wakuu wa kituo waliondoka na gari. Wale wasichana wawili wakabaki kwenye bodi ya simu, wakaipigia kila nyumba yenye simu kule bondeni, moja baada ya nyingine, ili watu wapande mlimani. Watu wakapona, na mambo yakasahaulika kama yanavyosahaulika mambo.

Miaka ikapita, ndipo wakatokea watengeneza filamu. Walikwenda kwanza kwa Kengele. Walipofika kwa Bibi kesho yake, alikuwa ameshavimba. Kwa nini kwa Kengele kwanza? Aliwaambia mlangoni kwamba hana la kusema, akawafungia, kisha akaitangazia familia kwamba habari za mafuriko zisifunguliwe tena ndani ya nyumba hii. Familia ikatii. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Hakuna hata mmoja aliyembembeleza.

Chiriku alikaa kitako, nywele zimesimama, akapokea kikombe kwa mikono miwili.

"Mwalimu ametupa kazi, Bibi. Filamu zinazotokana na mambo yaliyotokea kweli. Kila mtu achague moja aseme imemfanya nini. Hataki kusikia ni nzuri au mbaya. Anataka kujua imekufanya nini wewe."

"Na wewe imekufanya nini?" Swali lilimponyoka Bibi kabla hajaliuma.

"Nimelia." Chiriku aliangalia chai yake. "Nimelia mpaka mwenzangu akanipa sweta lake nijifute. Nimeiangalia tena, nikalia tena. Wananicheka chuoni."

Bibi aliendelea kukoroga sukari iliyokwisha kuyeyuka. Mafuriko hayo hayo alimsimulia mtoto huyu meno yake yalipokuwa yanang'oka. Alimsimulia kwa mdomo na kwa mikono, radi akaipiga yeye, maji akayamwaga yeye, na mtoto akapitiwa na usingizi hata kabla bwawa halijapasuka. Machozi? Hata moja. Leo kaja msichana wa filamu, wa kupakwa rangi, asiyejua hata bodi ya simu inanukaje ikipata moto, na machozi yote kapewa yeye.

"Halafu naomba mkasi wa kucha," Chiriku akasema. "Nimemwahidi Bi Kengele. Macho yake si mazuri siku hizi, juzi amejikata."

Bibi aliweka kijiko chini. Filamu, sawa. Lakini kucha?

"Mkasi umekuwa butu."

"Si tuliunoa juzi juzi?"

"Umekuwa butu tena."

Mkasi ulikuwa mfukoni mwa gauni lake, na wakati ule ulikuwa mzito kama pasi.

Chiriku hakubisha. Alivuta kompyuta yake kutoka kwenye mkoba, akaiweka juu ya meza kati ya vikombe. "Kabla sijaenda, nataka tuiangalie pamoja."

"Nilishasema habari hiyo haifunguliwi humu."

"Hatufungui habari, Bibi. Tunafungua kompyuta."

Bibi akauficha mdomo wake kwa upande wa kanga. Akachukua shati lililodondoka kifungo, sindano na uzi, akakaa kama mtu aliyekuja kushona na kwa bahati mbaya akakuta filamu inaendelea.

Basi filamu ikaanza, na Chiriku akaanza nayo. Alikuwa mtazamaji asiyekaa na kitu moyoni. Mkuu wa kituo alipokimbia na gari, alimzomea. Alipotokea kijana mwenye pikipiki akapita katikati ya mvua kumtafuta yule msichana wa simu, Chiriku alibetua midomo. "Huyu wamemtia chumvi. Bi Kengele anasema hakukuwa na mchumba yeyote."

"Mchumba! Tulikuwa na mbu," Bibi akasema.

Chiriku aligeuka upesi. Bibi alishairudisha pua kwenye kifungo.

Kusema kweli hakuwa akiitazama sana filamu. Alikuwa akimtazama mjukuu. Mwanga wa kioo ulimcheza usoni, mkono umeziba mdomo, vidole vya miguu vimejikunja, macho yamejaa tayari kwa kitu ambacho hakijafika bado. Bibi alitamani macho hayo kama mwenye njaa anavyotamani sahani ya mwenzake. Kwenye kioo maji yalikuwa yamemfika yule msichana kiunoni, na wanja wake haujaloa. Maji yalifika hapa tu, Bibi alitaka kusema, na kuonyesha kifundo cha mguu. Akameza.

Lakini kuna jambo lilikataa kumezeka. Chumba cha simu cha kwenye filamu kilikuwa na kiti kimoja. Alidhani kingine kiko pembeni, kitaonekana mbele. Hakikuonekana. Chumba chenyewe kilikuwa na viti viwili, vilivyobanana hata viwiko vyao viligongana kutwa nzima na Kengele akawa anamwambia sogea, naye hana pa kusogea.

"Zima," alisema.

"Bibi, bado kidogo tu ufike pale..."

"Zima! Kwani siku ile mimi nilikuwa nimekwenda kusuka nywele? Kengele aliketi peke yake? Alikuwa na mikono minane?" Shati lilianguka chini, sindano ikabaki inaning'inia. "Ameyachukua mafuriko, haya, ayachukue. Akae nayo. Na wewe pia akuchukue? Kila Jumamosi Kengele, Kengele, mpaka kucha mnakatana! Mimi zangu unaziona zilivyo?"

Chiriku alinyamaza. Kwa mtu kama yeye, hilo lilikuwa jambo la kutisha. Alishuka kwenye kochi, akauokota uzi, akamvua Bibi ndara moja, akaziangalia kucha. Zilikuwa ndefu kweli.

"Samahani, Bibi," alisema. "Sasa nipe kidogo tu. Usimtazame uso huyu dada. Tazama mkono wake."

Akairudisha filamu nyuma. Yule msichana alichomeka waya, akavuta kipaza sauti karibu na mdomo, na kabla hajasema neno akakigonga kwa ukucha. Ko, ko. Akasubiri. Kisha akasema, "Nipo hapa. Nisikilize vizuri."

Bibi aliisogelea kompyuta.

Simu za wakati ule zilikuwa mbovu. Mtu alipokea akasikia upepo, akadhani hakuna mtu, akakata. Kengele dawa yake ilikuwa kupiga kelele, ndiyo maana akaitwa Kengele. Bibi hakuwa na sauti hiyo. Yeye aligonga. Akagonga na kusubiri, mpaka wenzake wakambatiza jina la Taratibu. Ugongaji huo haukuwa wa mtu mwingine katika kituo kile.

"Ni hapa ninapolia," Chiriku alisema. "Siku ya kwanza pale ukumbini nilipiga ukelele, 'Bibi!' Watu wakanigeukia. Mmoja akaniuliza kama huyo mwigizaji ni bibi yangu. Maji hayakuniliza, wala yule wa pikipiki. Nimeamshwa hivyo maisha yangu yote, nikadhani ni kijiko tu."

Bibi alitafuta kanga yake, akakuta ameikalia.

"Mbona hukuniuliza mimi?"

"Ulikataza! Mama alisema nikikugusa hapo utasusa hata chakula. Nikaenda kumuuliza Bi Kengele, mkono huu ni wa nani? Hasemi. Kila Jumamosi namuuliza, kila Jumamosi ananiambia, njoo Jumamosi ijayo nitakwambia."

Bibi akaivaa tena ile ndara.

"Twende."

"Wapi?"

"Kwa huyo mwizi."

Kengele aliishi juu ya duka la fundi saa, kwa ngazi nyembamba ambazo Bibi alizipanda akilaumu kila kipandio. Mlango ulikuwa wazi. Kwenye kichanja cha vyombo kulikuwa na kikombe kimoja kimeinamishwa, na sahani moja. Bibi aliviona kwanza, kabla ya kumwona mwenyewe.

"Nani hao?" Sauti ilikuwa ile ile, ingeweza kusikika bondeni bila waya. "Taratibu? Usiniambie! Umetoka kwako mwaka gani hata ukafika leo?"

"Kiti changu kiko wapi?" Bibi akasema akiwa bado mlangoni.

"Kaa hapo kitandani."

"Cha kwenye filamu, Kengele."

Kengele aligeuza uso dirishani. Macho yake yalikuwa na ukungu. "Walisema wasichana wawili watawachanganya watazamaji. Wanataka mmoja. Niligombana nao, shoga, wakarudi kunibembeleza. Nikawaambia basi, sauti chukueni yangu, lakini mkono kaombeni kwa Taratibu. Wakasema Taratibu katufungia mlango."

Bibi akaingia ndani.

"Wakaniletea yule binti. Kutwa nzima tumekaa hapa, kwenye meza hii, namfundisha. Alikuwa anagonga kama askari wa upekuzi. Nikamwambia, mwanangu, polepole, unamgongea mtu mwenye hofu. Mpaka akaweza. Nilijua siku moja utaiona, kiburi kikishuka."

"Na mjukuu wangu unamzungusha. Njoo Jumamosi, njoo Jumamosi."

Kengele aliminya ncha za kanga yake. "Ningemjibu siku ya kwanza, angekuja ya pili?"

"Wewe una filamu. Watu mji mzima wanakujua."

"Filamu haipandi ngazi, Taratibu." Alisema kwa sauti ya chini ambayo Bibi hakuwahi kuisikia kwake. "Wewe ukigonga kijiko kuna mtu anaamka. Miaka yote hii unadhani sikuoni unavyopita hapo chini umeshikana mkono na huyu mtoto? Nilikuwa nasonya peke yangu kama kichaa. Nikasema, nami nimuonje kidogo."

Chiriku alitazama dari, kwa adabu.

Wivu wa Bibi haukutoka. Ulikuwa umekaa naye muda mrefu mno kuondoka kwa maneno ya asubuhi moja. Ila ulisogea kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye benchi. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akaingiza mkono mfukoni.

"Lete mguu."

"Mkasi si butu?" Chiriku akauliza.

"Wewe, hebu sogeza kile kigoda."

Chiriku aliuinua mguu wa Kengele taratibu, akauweka mapajani mwa bibi yake ili mgongo usipate taabu. Kwa kuwa mwenye mguu haoni vizuri, Bibi aligonga unyayo mara mbili kwa kidole kabla ya kukata. Kengele akatulia. Wakaanza kubishana kuhusu yule mkuu wa kituo, kama gari lake lilikuwa la kijani au la buluu, na nani kati yao alimtukana kwanza. Chiriku alikaa sakafuni kati yao. Macho yake yalikuwa kwa bibi yake, yamejaa, kama yalivyokuwa mbele ya kile kioo.

"Sasa chuoni nikaseme nini?" aliuliza.

"Sema viti vilikuwa viwili," Bibi akajibu.

"Na sema mmoja hakuwa anasogea," Kengele akaongeza.

Mguu wa kwanza ulipokwisha, Bibi alipangusa mkasi kwenye kanga yake. "Lete na huo mwingine."

Kengele aliurudisha mguu wake wa pili chini ya kiti, akaufunika kwa gauni.

"Huu bado," alisema. "Huu utakatwa Jumamosi ijayo. Mje wote wawili, na msinichelewee."