Kuku wa Jumatatu

Kila Jumatatu saa mbili asubuhi, mlinzi wa kiwanda alimtoa kuku bandani, akamzungusha mara tatu kwenye pipa la kuchanganyia, kisha akamrudisha akale pumba zake. Alikuwa kuku yuleyule, mwaka wa sita sasa. Baada ya hapo mwonjaji alitia sahihi fomu iliyosema kwamba vidonge vya supu vimeandaliwa kwa kuku halisi. Mkurugenzi, mtu wa tumbo kubwa na haya kiduchu, akaona wajibu wake umekwisha.

Ladha yenyewe ilitoka kwenye magunia mawili. La kwanza lilikuwa la glutamati, unga mweupe unaoufanya ulimi udhani umepata nyama. La pili la inosinati, ambayo chembe zake chache tu huipa ile ya kwanza nguvu maradufu.

"Ulimi ni mjinga," mkemia alipenda kusema, yeye ambaye nyumbani kwake hakijawahi kuingia hata kidonge kimoja. "Ukiupigia hodi mara mbili, unafungua."

Mwonjaji alicheka naye miaka yote hiyo, hadi mama yake alipolazwa. Hospitali ilikuwa na mkataba na kiwanda: supu ya kuku asubuhi, mchana na jioni, basi. Mama aliisifu, akalamba bakuli. Wiki ya tatu akaanza kupaa. Mwonjaji alimkuta mgongo umegusa dari, shuka linaning'inia, kifundo cha mguu kimefungwa kitandani kwa bendeji.

"Dirisha lisiachwe wazi tu," nesi alisema, akiendelea kupanga dawa. "Wa kitanda cha nne katoka juzi bila ruhusa."

Ilikuwa dhahiri kwamba mama alihitaji chakula chenye uzito. Jumapili mchana mwonjaji alikwenda bandani, akamchinja kuku wa kiwanda, akamchemsha saa nne, maana alikuwa mzee na mgumu kama soli. Akaazima ngazi ya fundi umeme, akapanda na bakuli, akamnywesha mama kijiko cha kwanza.

Mama akatema.

"Ndiyo nini hii, mwanangu? Maji ya kuoshea sufuria? Niletee ile yenye kuku."

"Mama, hii ndiyo yenye kuku."

"Usinifanye mtoto. Kuku namjua, nimekula kabla hujazaliwa."

Hakufumbua kinywa tena mpaka ilipoletwa supu ya hospitali.

Jumatatu mlinzi alikuta banda tupu. Mkurugenzi hakuuliza kuku kaenda wapi. Alichomoa pakiti mfukoni, yenye picha ya kuku aliyenona, akaamuru izungushwe mara tatu. Mkemia alipiga makofi, mpumbavu yule.

Mwonjaji aliwadharau wote wawili, akajidharau na yeye, kisha akatia sahihi, kwa kuwa mama hakukubali kula kitu kingine. Jioni alipita wodini na pakiti mbili za vidonge na bendeji mpya, maana ile ya kwanza ilikuwa imeanza kuchanika.