Macho Hayapakwi Huruud

Mimi ndiye niliyesema ni huruud. Naanza na hilo kwa sababu watu wa nyumba hii wana adabu, na hakuna atakayelisema mbele yangu.

Kowsar, mke wa mwanangu Ridwan, alijifungua Jumatatu asubuhi katika hospitali kubwa hapa Isiolo. Mtoto wa kiume, mzima, nywele mpaka shingoni. Tukampa jina la marehemu mume wangu, Hashi. Jumanne adhuhuri tulikuwa nyumbani. Kowsar hana mama, kwa hivyo arobaini yake ilikuwa mikononi mwangu: siku arobaini mzazi hatoki nje, anakunywa supu ya mbuzi, anapakwa, anapumzika. Nimewatoa arobaini wanawake saba wa ukoo huu na sijawahi kuomba ushauri wa mtu.

Tulipokuwa tunatoka hospitalini muuguzi alituambia tumwangalie mtoto kila siku kwenye mwanga wa mchana, macho na mwili, na tumrudishe upesi akigeuka wa njano au akikataa kunyonya. Nilimwitikia kwa heshima zote. Moyoni nikasema, binti mwenyewe hajaolewa, leo atanifundisha mimi mtoto.

Nikashusha mapazia, nikaponda huruud. Kwa asiyejua, ni ile manjano ya jikoni. Sisi Wasomali tunaichanganya na maji, tunampaka mzazi usoni na mikononi mpaka ngozi irudie kung'aa. Inashika kila kitu, shuka, mito, vidole. Kowsar alipakwa, akalala, mtoto amemlaza shavu kwa shavu.

Jioni ileile, kabla ya magharibi, aliniita. Alisema uso wa mtoto umebadilika rangi. Nikainama, nikaona mashavu ya njano kweli, nikacheka. Nikalowesha kitambaa, nikampangusa mtoto, kitambaa kikatoka na njano. Nikamwonyesha Kowsar kwamba ni yeye anayempaka mwanawe. Sikufikiria kwamba vidole vilivyoshika kile kitambaa vilikuwa vimetoka kwenye kinu dakika ileile.

Jumatano mtoto alilala sana. Nikamsifu kwa majirani kwamba ni mpole, hasumbui mtu. Kowsar akasema hanyonyi vizuri, nikamjibu maziwa bado hayajashuka. Akauliza kama tunaweza kufungua pazia kidogo tu amwone vizuri. Nikakataa, nikamtajia vumbi la Isiolo na macho ya watu. Mke wa mwanangu hanijibu, na siku zile nilidhani hilo ni jambo jema.

Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, niliingia na bakuli la supu. Kowsar alikuwa amekaa kitandani, maziwa yanamdondoka, mtoto amelala mapajani mwake mdomo wazi.

"Mama, hii mtoto haamki," alisema. "Nimemfinya mguu. Haamki."

Nilimchukua. Alikuwa amelegea mikononi mwangu kama nguo iliyolowa. Nikaenda dirishani, nikavuta pazia mwenyewe, nikamfungua jicho kwa kidole. Pale panapotakiwa kuwa peupe palikuwa pa njano, tena njano iliyokolea. Macho hayapakwi huruud. Niliwahi kuogopa siku maji ya mto Ewaso Nyiro yalipochukua lori la Ridwan naye akiwa ndani, lakini siku ile haikuwa kazi ya mikono yangu.

Nikamwambia Kowsar avae. Akaniuliza, na arobaini je? Nikamwambia avae viatu. Ndani ya tuktuk nilikuwa napuliza uso wa mtoto na kusoma kila aya niliyoijua, nyingine nikizichanganya. Kila kifua chake kilipotulia, na mimi niliacha kupumua mpaka kiinuke tena.

Aliyetupokea alikuwa daktari kijana kutoka Meru, anaitwa Kiambi. Alimvua mtoto nguo zote akambonyeza kwa kidole, kwanza kwenye paji la uso, kisha kifuani, tumboni, mpaka kwenye nyayo. Kila alipoinua kidole ngozi ilibaki ya njano. Akamtoboa kisigino kuchukua damu. Mtoto akatoa sauti nyembamba, akalala tena.

"Hii rangi ilianza lini, mama?"

"Leo asubuhi," nikasema.

Kowsar alikuwa nyuma yangu. Nilimsikia akivuta pumzi. Kiambi akaanza kuandika. Nilitazama ile kalamu ikitembea na uongo wangu, na yule mtoto uchi mezani, nikaona nitamuua mara ya pili.

"Andika Jumanne," nikasema. "Nimekudanganya. Ilianza Jumanne jioni."

Kalamu ikasimama. Akamuuliza Kowsar damu yake ni kundi gani, akaambiwa O. Ndipo akatueleza, haraka haraka. Njano kidogo ya siku ya tatu au ya nne huwapata watoto wengi na mara nyingi huondoka. Hii ilianza mapema mno. Alishuku damu ya mtoto si kundi moja na ya mama yake, na mwili wa mama umeipiga vita tangu tumboni, sasa inavunjika na kumwaga ile njano, na ini la mtoto ni changa, haliwezi kuitoa yote. Ikizidi inaingia kwenye ubongo. Nikamuuliza kama hatungemwanika juani. Akasema jua halitoshi kwa kiwango hiki, akanyanyuka na mtoto mkononi kabla sijamaliza swali la pili.

Walimlaza na nepi tu, macho yamefunikwa, chini ya taa za buluu. Niliuliza kama zinaunguza. Kiambi akaweka mkono wake chini ya taa na kuuacha pale. Alisema mwanga huo unaivunja njano ili itoke kwa mkojo na choo, na kwamba mtoto lazima apate maziwa kila baada ya saa mbili. Kowsar akayakamua, wakayapitisha kwa mrija mwembamba puani. Damu isiposafika kwa taa, itabidi abadilishwe damu, na kwa hilo atapelekwa hospitali nyingine, mbali na hapa. Ridwan alipiga simu kutoka Merti, alikokuwa safarini. Nikamwambia ni mimi. Akauliza ni wewe nini, na mtandao ukakatika.

Ijumaa adhuhuri kipimo kilikuwa palepale. Niliswali nikisahau rakaa. Alasiri kikashuka, kidogo sana, lakini kikashuka. Jumamosi asubuhi Hashi alifungua mdomo akalia mpaka wodi nzima ikageuka, na Kowsar akalia naye, mrija ukatolewa, akanyonya. Jumatatu tuliruhusiwa kurudi nyumbani.

Kiambi alitusindikiza mpaka mlangoni. Alisema mtoto anaonekana vizuri, ila akifika miezi mitatu arudi apimwe masikio. Njano ikipanda vile huweza kuharibu usikivu, na mtu hawezi kujua kwa kumtazama tu. Nilimshukuru. Safari hii nilisikia kila neno, na afadhali nisingelisikia.

Sasa Hashi ana wiki tisa. Amenenepa, anacheka akiona uso. Ridwan alirudi, nikamweleza yote, hakunilaumu, na hilo limenikaa vibaya kuliko lawama. Kila siku nasubiri Kowsar aende kuoga, naenda nyuma ya kichwa cha mtoto, napiga makofi. Kuna siku anapepesa macho. Sijui amesikia, au ni upepo wa mikono yangu.

Leo Kowsar alisahau taulo, akarudi, akanikuta. Nilificha mikono nyuma, mwanamke wa umri wangu. Hakukasirika. Alikaa kando ya kitanda.

"Mimi hufanya hivyo ukiswali alfajiri, mama," alisema. "Mimi na kifuniko ya sufuria."

"Anashtuka?"

Alimtazama mwanawe, ambaye alikuwa anarusha miguu hewani.

"Jana alishtuka," alisema. "Leo, hapana."

Nilitaka kumwambia ajaribu tena. Sikuweza, na yeye hakujaribu.