Makuti ya Mstari wa Nne

Ijumaa asubuhi Mwanaima aliambiwa ang'oe miche mia tatu ya michikichi, akalishika jembe lake na asiliinue.

Amri ilitoka kwa Daktari Leodgar, kijana mtaalamu wa mbegu, aliyefika kituo cha utafiti kilicho juu ya kijiji cha Kagunga, kando ya ziwa, mwaka huo wa 2018 na habari ambayo wakulima waliicheka waziwazi: eti ataujua mchikichi kabla haujazaa! Zamani ulipanda, ukangoja miaka kumi ndipo useme huu mzuri, huu wa kukata. Leodgar alichukua kipande cha jani la mche, akakipeleka maabara kusomwa vinasaba, kisha kompyuta ikavilinganisha na vinasaba vya miti mizazi na mavuno yake. Mche uliofanana na miti iliyozaa sana ulipandwa. Uliofanana na mivivu uling'olewa.

Na kompyuta ilikuwa imesema miche ile mia tatu, watoto wa miti mizazi ya mstari wa nne, haifai, hata mmoja.

Mwanaima alijua fika kwamba si kweli. Alijua pia nani ameidanganya kompyuta.

Kwa miaka kumi na miwili yeye ndiye aliyepima mikungu ya ngazi, matunda ya mchikichi, na kuandika uzito daftarini. Hakuna mstari uliozaa kama wa nne. Kisha ukaja Mei 2015, Warundi wakamiminika Kagunga kwa maelfu wakikimbia machafuko kwao, wakalala ufukweni bila paa. Siku ya mvua kubwa alimkuta mama mmoja, Rozalia, amewakinga pacha wake kwa sinia. Sinia moja, vichwa viwili! Mwanaima hakumuuliza mtu. Alichukua panga akaenda mstari wa nne, kwa kuwa ndio uliokuwa na makuti marefu ya kuezekea, akakata hadi karibu na moyo wa mti. Miti thelathini na minane.

"Murakoze, mama," Rozalia alimshukuru kwa Kirundi, mikono yote miwili imejaa makuti.

Mchikichi ukivuliwa nguo namna ile, hususa. Miaka miwili iliyofuata mstari wa nne ulizaa mikungu ya kutia aibu, na Mwanaima akaandika uzito ule kwa uaminifu. Sababu hakuiandika. Kukata miti ya utafiti ni kufukuzwa kazi, naye alikuwa na wajukuu wanne nyumbani. Bahati mbaya madaftari ya zamani yaliliwa na mchwa, kwa hiyo kompyuta ilijua miaka ile miwili ya njaa na mmoja tu wa kupona.

Alipiga moyo konde, akaliegemeza jembe ukutani na kuingia ofisini kwa Leodgar.

"Shikamoo, mama. Umemaliza mara hii?"

"Marahaba. Sijaanza, wala siing'oi." Akasema yote, bila kumung'unya maneno.

Leodgar alisimama, uso umemwiva. "Miaka mitatu umenyamaza! Nitakuaminije leo?"

"Usiniamini mimi. Twende ukaione miti."

Alimwonyesha mti kwa mti. Makuti yanayopogolewa hukatwa ya chini tu, taratibu, mwaka hadi mwaka. Lakini pale, kwenye kila shina, vigutu vya duara zima vilikuwa vimekatwa mshazari, kwa panga moja, kwa siku moja. Leodgar alivigusa, akavihesabu, akaacha kubishana. Aliyaondoa mavuno ya miaka ile miwili, akabakiza ya mwaka ambao miti ilikuwa imepona, akairudishia kompyuta kazi.

Jumatatu majibu yalitoka. Kati ya miche arobaini bora ya kituo kizima, kumi na saba ilikuwa ya mstari wa nne. Mwanaima alilia, wala hakujificha.

"Lazima nieleze kwa nini nimeyafuta mavuno hayo," Leodgar alisema, kalamu mkononi. "Jina lako litafika makao makuu, mama. Huenda wakakuondoa."

"Liandike. Andika na mvua, andika na watu."

Aliandika. Alipofika chini ya karatasi akainua macho. Kambi walizopelekwa wale wakimbizi bado zilikuwa zimejaa, na ng'ambo ya mpaka kulikuwa hakujatulia.

"Na wakija tena, mvua inanyesha?"

"Nitakata tena, Daktari," Mwanaima alisema, akilivuta daftari lake upande wake wa meza. "Ila safari hiyo nitaandika humu."