Paka Asiye na Rangi

Katika familia ile, watu wazima hawakuruhusiwa kugombana kwa mdomo. Babu, aliyekuwa mpiga chapa, alichoshwa na kelele za mabinti zake wawili akaweka sheria: mwenye neno alitunge kwa beti, mtu wa tatu asahihishe na kutoa sababu. Babu alikwisha kwenda zake, sheria ikabaki, na kazi ya kusahihisha ikamwangukia mjukuu wake, Mwalimu, kwa kosa la kusomea fasihi.

Safari hii kesi ilikuwa ya paka. Kwa miaka sita paka huyo alikula asubuhi kwa mama yake Mwalimu na kulala mchana kwa mama mdogo, mlango wa pili, na kila nyumba ilijiona ndiyo yenye paka. Mama alimwita Karani. Mama mdogo alimwita Mgeni. Mwenyewe aliitikia sahani. Sasa mama mdogo alikuwa anahamia kwa mwanawe Jumamosi, eti amechoka na ngazi, na paka hagawanyiki. Shairi litakaloshinda ndilo litakaloondoka naye au kubaki naye.

Mwalimu alijua ametiwa kikaangoni. Mama ndiye aliyemzaa; mama mdogo, fundi cherehani, ndiye aliyemshonea kila sare ya shule. Ampokonye nani? Alipiga moyo konde, akashika kalamu nyekundu.

La mama lilikuwa na mstari chini ya kila kina, kazi ya mwanamke aliyesahihisha magazeti kwa miaka thelathini:

*Manyoya ya kahawia, kifua shati jeupe,*
*Macho ya kijani pia, yamezungukwa na kope,*
*Kitini akitulia, hana vumbi hana tope.*

Mama mdogo hakuandika. Alituma sauti kwenye simu, akisema mkono unamuuma, na Mwalimu akainakili neno kwa neno:

*Pu! dirishani.*
*Nyatu, nyatu, nyatu, sakafuni.*
*Uzito wa mkate wa moto, mapajani.*
*Krr, krr, krr.*
*Nyumba haina watu, lakini haiko kimya.*
*Nikinyoosha mkono, yupo.*

Alichora mstari katikati ya karatasi, kama anavyowafundisha wanafunzi wake. Upande wa mama: vina, mizani, sitiari ya shati, tashihisi ya paka aliyegeuzwa mtu wa ofisini. Upande wa mama mdogo: tanakali za sauti, takriri, joto, uzito. Kwenye taswira za kuonekana aliacha nafasi, akaisikiliza simu mara tatu, nafasi ikabaki tupu. Akaandika pembeni, "Msomaji hamwoni paka!" na kukata alama mbili.

Ijumaa alasiri walikusanyika sebuleni kwa mama, paka akiwa mapajani mwa mama mdogo kama hakimu aliyelala. Mwalimu alitoa hukumu: mama nane, mama mdogo sita. Mama alijipigia makofi.

"Sababu," mama mdogo alisema. "Baba alitaka sababu."

"Hebu nikupe mimi!" Mama alinyakua karatasi. "Mdogo wangu, shairi lako tamu, sikatai. Lakini huyu ni paka gani? Hana rangi. Hana macho. Hata mkia umemnyima! Ungekuwa humwoni ningeelewa, lakini mnyama umempakata hapo—"

Akakwama. Mama mdogo alikuwa ameelekeza uso kwake, lakini si kwake hasa. Kidogo pembeni, kwenye pazia.

Mwalimu aliikumbuka cherehani iliyofunikwa kitambaa tangu mwaka jana, na fundi akidai anapumzika. Akaukumbuka ule mkono unaouma. Masikio yalimwaka kwa aibu. Shairi lilikuwa limemweleza kila kitu, naye akalikata alama.

"Tangu lini?" mama aliuliza.

"Mwaka na nusu. Mwanga bado nauona. Sura zenu ndizo zimekuwa moshi. Daktari amesema ndiyo basi."

"Na mimi dada yako hukuniambia?"

"Ungelia, dada. Halafu ungenilisha kwa kijiko."

"Ningelia, ndiyo!" mama alisema, na tayari alikuwa analia.

Mwalimu aliichukua karatasi. "Mama mdogo, naomba nibadilishe alama."

"Thubutu! Sitaki alama za huruma. Nimeshindwa, nimeshindwa."

"Si huruma. Nilisahihisha vibaya. Mama amemtunga paka wa kutazamwa. Wewe umemtunga paka wa kukaa naye. Nilikukata alama kwa kitu ambacho shairi lako halikukihitaji hata kidogo." Alifuta sita, akaandika nane.

Nane kwa nane. Babu hakuacha sheria yoyote ya sare, lakini mama hakungoja sheria.

"Paka ni wako," alisema, akijifuta macho kwa upande wa kanga. "Ule mstari wa kunyoosha mkono umenishinda. Jumamosi nitambeba mwenyewe mpaka kwa mwanao, na nikija kukutembelea msiniulize nimemfuata nani."

Vidole vya mama mdogo vilitafuta njia katika manyoya.

"Basi nisomee tena la kwako," alisema. "Rangi zake zimeanza kunipotea."

Mama alisogea kwenye kochi mpaka magoti yao yakagusana, akasoma. Beti zilipokwisha hakunyamaza. Aliendelea na yasiyokuwamo, ncha nyeusi ya mkia, kovu la puani, unyoya mmoja mweupe sikioni.

"Na hicho kijani cha macho, ni kijani gani?"

"Kijani cha lile gauni ulilonishonea nilipoposwa."

"Ah, kile!" Mama mdogo alicheka, uso wote ukafunguka. "Kitambaa kile nilikikata vibaya, dada. Bega la kushoto liliungwa vipande viwili. Miaka yote hii naogopa kukwambia."

"Nilijua," mama alisema. "Nililivaa hivyohivyo."