Raundi Ishirini na Saba Ndani ya Tangi

Baba alikuwa fundi wa matangi ya saruji. Alijenga matangi ya shule, ya hospitali, hata ya watu asiowapenda, na kwa miaka kumi na mmoja mama alimwomba la kwetu. Mganga hajigangi. Kila asubuhi mama alibeba ndoo kutoka bombani, na kila asubuhi baba, akifunga kamba za viatu, alimwambia, "Wiki ijayo, mke wangu." Mama aliizoea wiki ijayo kama mtu anavyomzoea jirani asiyerudisha sufuria.

Kisha daktari akamwambia baba kwamba moyo wake umechoka, asibebe zege tena. Alirudi, akakaa sebuleni siku mbili akitazama mikono yake. Siku ya tatu akaanza kuunda boti. Ilikuwa ya mbao, ya mita mbili na nusu, na aliipaka rangi ya buluu iliyobaki kwenye mlango wetu wa choo. Injini aliitoa kwenye pampu ya maji iliyokuwa imestaafu kabla yake.

Nilimuuliza boti ya nini. Alichungulia kwanza kama mama yuko karibu.

"Nilipomposa mama yako nilimwahidi kumtembeza ziwani kwa boti," alisema. "Nikawa najiambia ziwa halihami. Sasa, mwanangu, naona ni mimi ninayejiandaa kuhama."

Tuliipeleka ziwani kwa mkokoteni, mama akiwa amevaa gauni lake la kijani, ambalo kwa kawaida lilitoka kabatini kwa harusi za watu tu. Kwenye gati askari alituinulia mkono.

"Namba ya usajili iko wapi?"

"Hii si gari, mwanangu," alisema baba.

"Ina injini?"

"Ina kitu kama injini."

"Ina namba?"

"Haina hata kitu kama namba."

"Basi irudi nyumbani, mzee wangu. Chombo chenye injini hakigusi maji bila namba."

Mama alitangulia mbele ya mkokoteni, gauni likiwa kavu kama lilivyotoka. "Si haba," alisema. "Nimepunga upepo."

Ofisi ya usajili wa vyombo vya majini ilikuwa ghorofa ya pili, yenye benchi moja lililopungukiwa mguu, hivyo waliokaa ilibidi wote waegemee upande mmoja. Karani alikuwa kijana mwembamba mwenye tai, na kitabu chake cha kanuni kilifungwa kwa mpira ili kisisambaratike. Kila swali alilijibu kwa namba ya kifungu. Nyumbani tulimwita Bwana Kifungu.

"Shikamoo mzee. Matumizi ya chombo?"

"Marahaba. Kumtembeza mke wangu."

"Kwenye fomu nina uvuvi, mizigo, ulinzi na abiria."

"Ulinzi uweke kando. Mke wangu hana adui."

"Basi ni abiria. Chombo cha abiria kiwe na kengele, machela na choo. Kifungu cha tisa."

"Choo?" Baba alinigeukia kana kwamba mimi ndiye niliyekitunga. "Bwana mdogo, hiyo boti yenyewe ukiiingiza chooni, inaenea na mlango unafungwa."

Bwana Kifungu hakucheka. Alitaka picha ya boti kutoka upande wa kulia. Tulipoileta, akataka ya kushoto. Mara ya tatu alitaka aina ya injini, na kwa kuwa chuma kile kilikuwa kimeandikwa neno moja tu, naye akaandika hilo hilo: pampu. Ngazi zile baba alizipanda akipumzika mara mbili, kisha mara tatu. Nikimwambia aniachie niende mwenyewe, ananijibu, "Utakosea upande wa picha."

Safari ya tano Bwana Kifungu alitupokea akiwa amesimama. Alikuwa amepata kifungu cha thelathini na moja, cha vyombo vidogo vya starehe. Hakikutaja choo. Kilitaka ukaguzi tu: chombo kikaguliwe kikiwa kinaelea, injini ikiwaka, kikiwa na mzigo, kwa mwendo wa mita mia tano.

"Vizuri," alisema baba. "Twende ziwani."

"Hapana, mzee. Hakiruhusiwi kuingia ziwani kabla ya kupata namba."

"Na namba?"

"Baada ya ukaguzi."

Baba alikaa kwenye benchi, likayumba. Mkono wake ulikuwa kifuani, akijifanya anatafuta kalamu. Nilitamani kukichana kile kitabu. Kisha akauliza polepole, "Hebu nisomee tena. Hakiruhusiwi kuingia wapi na wapi?"

"Ziwa, mto, bwawa, mfereji na bahari."

"Na tangi?"

Bwana Kifungu alishuka na kidole orodha nzima, akageuza ukurasa, akatazama hata mgongo wa kitabu. "Tangi halimo," alisema, kama mtu aliyekuta ufa kwenye ukuta wa nyumba yake mwenyewe.

Wiki ile ile mafundi wenzake wa zamani walijaa uani kwetu. Baba hakushika koleo. Aliketi kwenye kiti cha jikoni, akawatukania zege kwa furaha. Duara la tangi lilikuwa la mita sita kutoka ukuta hadi ukuta, likameza kamba za kuanikia nguo mpaka zikahamia ukutani.

Mama alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Miaka kumi na mmoja nimeomba tangi. Boti imeomba mwezi mmoja."

"Boti ina barua ya serikali," alisema baba.

"Ningejua ningekuja na barua."

"Ungeanza na picha ya upande wa kulia."

Mvua na mpira wa bombani vililijaza kwa wiki tatu. Bwana Kifungu alifika na tepu, saa na jaketi la kuelea, ambalo alilivaa mwenyewe kabla ya kupanda ngazi ya tangi lenye maji ya kumfika kiunoni. Alipima, akapiga hesabu kwenye kiganja. "Raundi ishirini na saba. Mzigo uwe mtu mzima mmoja asiye nahodha. Nani mzigo?"

"Mzigo ni mimi," alisema mama, akifuta mikono. "Nisubirini nivae."

Bwana Kifungu alitazama saa, lakini alisubiri. Mama alirudi na gauni la kijani, akapanda botini alimokuwa ameshakaa baba.

Injini ilikohoa, ikatoa moshi, ikashika. Boti ilianza kuzunguka, ikikwaruza ukuta kila ilipokata kona, na maji yakamwagika juu ya viatu vya serikali. "Moja," alisema Bwana Kifungu.

Kwenye raundi ya sita mama alitumbukiza vidole majini. Kwenye ya kumi alionyesha dirisha la jikoni kwetu. "Tazama kule, kuna mwanamke kaacha sufuria jikoni inaungua."

"Wake za watu wa nchi hii wazembe," alisema baba.

"Waume zao je?"

"Wanasema wiki ijayo."

Mama alicheka. Kicheko kile kilikuwa cha msichana, na mimi mtoto wake sikuwahi kukisikia. Sufuria iliungua kweli. Hakuna aliyekwenda kuiepua.

"Ishirini na saba," alisema Bwana Kifungu, akainua mkono. Baba hakumwona, au alijifanya. Boti ikapita. Bwana Kifungu alishusha mkono taratibu, akatazama daftari lake. Boti ilipozunguka tena, alisema, "Ishirini na saba." Na iliyofuata, "Ishirini na saba." Aliisema mpaka mafuta yakaisha.

Cheti kilifika wiki ya tano baada ya kumzika baba. Kimeandikwa, aina ya injini: pampu. Matumizi: mke.

Nilipaka namba ubavuni mwa boti, nikampeleka mama ziwani. Askari wa gati alitupisha. Tulikwenda mbali kidogo, mama akaniomba turudi.

"Ni kubwa mno," alisema. "Mtu hajui amezunguka mara ngapi."

Maji ya tangi tunafulia mpaka leo. Ndani ya ukuta kuna mstari wa buluu, pale boti ilipokwaruza. Mafundi walitaka kuusafisha. Mama aliwaambia wiki ijayo.