Hakuna Taa

Desturi ya huku haina mjadala: gari likibeba maiti huwasha taa, hata jua liwe la utosi. Wanaokuja mbele wakiziona hupunguza mwendo, na wenye adabu huegesha kando kabisa. Kwa hiyo wazee wa ukoo waliposikia kwamba Orpah anataka mumewe Zablon arudishwe nyumbani Lambwe kwa pikapu yake mwenyewe, ile Peugeot kuukuu, waliuliza swali moja tu. Ina taa?

Haikuwa na taa. Orpah alilijua hilo kuliko mtu yeyote, kwa sababu yeye ndiye aliyezikata.

Tusimhukumu upesi. Zablon alikuwa mchuuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani. Alinunua Homa Bay jioni, akaendesha usiku kucha kupita Migori hadi Kegonga, ili awe sokoni wenzake wakiamka. Mara ya kwanza aliposinzia kwenye usukani, aliamkia katikati ya shamba la miwa huko Awendo. Mara ya pili aliamkia kwenye ukingo wa daraja, gurudumu moja likiwa hewani, na aliporudi nyumbani akasimulia kama kichekesho. Orpah hakucheka. Alimsihi, akamnunia, akamletea mchungaji. Zablon na kichwa chake kigumu akajibu kwamba omena haimngoji mtu.

Basi siku moja, Zablon akioga, Orpah alichukua kisu cha kupaa samaki, akafungua boneti, akakata waya mwekundu mnene ambao mumewe aliwahi kumwonyesha alipokuwa akimshikia tochi. "Huu ndio unapeleka moto kwa taa zote mbili," alikuwa amemwambia, akijivunia gari lake kama mtu anayemtambulisha mchumba.

Zablon alikagua, akakuna kichwa, akasema taa za gari la zamani ni kuhangaika tu, atazishughulikia. Orpah hakumwona akizishughulikia. Akaanza kwenda sokoni mchana. Pato lilipungua, lakini jioni alikuwa mezani na mkewe, na Orpah alipata usingizi ambao hakuujua tangu aolewe. Kila magharibi alipita kwenye gari, akazungusha swichi ya taa, akaona hakuna kitu, akaingia ndani ameridhika. Miaka hiyo ilikuwa mizuri kuliko yote waliyoishi pamoja.

Kisha jioni moja ya mvua Zablon akaanguka uani. Mdomo ulipinda, mkono wa kulia ukalegea, maneno yakakatika. Tony, mtoto wa mdogo wake Zablon, alikuja mbio akataka funguo. Yeye ni dereva, angemfikisha hospitali Homa Bay saa ileile. Orpah akamwambia hakuna taa. Boda nao walikataa kupita kwenye tope lile. Wakangoja kukuche, na walipofika hospitali wakaambiwa wangemleta mapema.

Tangu hapo Orpah alibeba neno moja kifuani: nimemuua. Hakumwambia mtu. Angeweza kukodi gari la kubebea maiti, mambo yakaishia kaburini. Lakini alizizima taa zile kwa mkono wake, na aliona angalau awe yeye wa kuziwasha, Zablon aende nazo. Mazishi yalikuwa Ijumaa, kabla Sabato haijaingia. Siku moja kabla, yeye na Tony walilipeleka gari Homa Bay kwa Mniko, fundi wa waya za magari, Mkuria mmoja mcheshi ambaye hakuwa akiwafahamu.

"Pole na msiba, mama," Mniko alisema. "Hizi taa zilikufa lini?"

"Zamani."

Mniko hakuwa mtu wa haraka. Alivuta waya mrefu kutoka kwenye betri, akaugusisha kwenye taa ya kushoto. Ikawaka. Akaugusisha kwenye ya kulia. Ikawaka. "Balbu ni nzima." Akachomoa fyuzi, akaitazama kwenye mwanga, akairudisha. Kisha akashika testa yake, kijibalbu chenye ncha kama sindano, akaanza kuufuata waya mwekundu. Alidunga hapa, kikawaka. Akadunga mbele kidogo, kikawaka. Orpah alisimama ameikamata leso yake kwa mikono miwili. Alijua ncha ile inaelekea wapi.

"Ni hapa," Mniko alisema. "Hii haikuungua. Ilikatwa na kisu."

Tony akainua kichwa. "Nani akate?"

Orpah alifungua kinywa. Alikuwa amechoka, na aliona afadhali aibu ije yote mara moja. Lakini Mniko aliendelea kukwangua uchafu kwa ukucha.

"Lakini ilishaungwa, mama. Kitambo sana. Angalia."

Kwenye mkato palikuwa na waya mwingine, mweusi, uliofungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, kimezungushwa kwa kubanwa na ncha yake kuchomekwa ndani. Orpah alikitambua kifundo kile kabla hajainama vizuri. Mpini wa jembe lake ulifungwa hivyo. Kigoda chake cha jikoni kilifungwa hivyo. Lambwe nzima hakuna mtu aliyefunga vitu namna ile ila Zablon.

Waya mweusi ulipenya nyuma ya injini ukaingia ndani ya gari, ukapita chini ya zulia. Mniko akaufuata kwa magoti hadi kwenye kiti cha dereva, akapapasa chini yake, akacheka.

"Mzee alikuwa mjanja! Ameficha swichi ingine hapa. Ni ya kuchanganya wezi hii. Ukizungusha ile ya kawaida peke yake, hupati kitu."

Akabonyeza ya chini, akazungusha ya juu. Taa zote mbili zikawaka kwenye ukuta wa karakana.

"Hii gari haina shida, mama. Imekuwa na taa miaka hii yote."

Wezi gani? Orpah alielewa palepale. Zablon aliuona mkato, akajua ni kisu gani na ni mkono wa nani. Akaunga waya, akaficha swichi kwa ajili ya siku ya dharura, kisha akamwacha mkewe apite kila magharibi, azungushe, asione kitu, akalale. Kichwa kigumu chote kile, na alikubali kushindwa bila neno, wala hakumnyima raha ya kudhani kwamba hajui. Orpah aliketi chini kwenye mafuta ya magari akalia hadi sauti ikamkauka, na Mniko, asijue lolote, akamletea maji.

Ijumaa walimtoa mochari. Jeneza lilikuwa nyuma, Tony kwenye usukani, Orpah kando yake. Tony alipapasa chini ya kiti, taa zikawaka, na msafara ukaondoka mjini. Kando ya barabara wanawake walisimama wakasema maskini, ona anavyorudishwa na gari lake. Walipokaribia Lambwe Tony akauliza, kwa sauti ndogo.

"Mama, ulikuwa unajua kuna hii swichi?"

"Sikujua. Mimi najua tu vile nilikata."

"Lakini baba mkubwa alijua," Tony akasema.

"Alijua."

"Na usiku ule, hakuwa na vile angekuonyesha?"

Orpah alitazama mbele.

"Kichwa chake kilikuwa kwa mapaja yangu," alisema. "Nilikuwa namwambia, Baba Sheila, vumilia, hakuna taa, kutakucha tu. Akifungua macho, namwambia tena, hakuna taa. Machozi yakawa yanamtoka. Mimi napanguza, nikifikiria ni uchungu wa ugonjwa."

Lori lililokuwa likija mbele lilipunguza mwendo, likaingia kwenye nyasi, likawapisha.