Chumba cha Paka

Adhana ya alfajiri ilimkuta Awiti amepiga magoti, wala hakuwa akisali, na dini yenyewe si yake. Alikuwa akisugua pembe ya ukumbi kwa siki na ndimu, pale paka Chongo alipopageuza choo tangu Bi Raihana afariki. Mwenye mkokoteni wa maji alikuwa amepandisha bei tena, kwa hiyo Awiti alikamua kitambaa juu ya ndoo asipoteze hata tone. Akasugua, akanusa, akasugua tena. Harufu ya paka dume haina adabu. Ukidhani imekwenda zake, jua likipanda kidogo inarudi kukuamkia.

Mnunuzi angekuja baada ya Alasiri. Nyumba hii ya Kibokoni, aliyoingia Awiti akiwa msichana ametoka Siaya na kibegi kimoja, sasa ilikuwa inauzwa. Humu ndimo alimomlea mtoto wa watu, na humu ndimo alimomwogesha na kumlisha mama wa mtoto huyo mpaka akakata roho. Anayeuza ni huyo huyo mtoto, Swafia, mwana wa pekee wa Bi Raihana, aliyeolewa Nyali. Awiti hakuulizwa, wala hakutarajia kuulizwa. Alichotarajia ni neno moja tu: Dada, na wewe utakuja kukaa kwangu. Tangu arubaini ya marehemu alikuwa akilingoja neno hilo, na kila simu ilipolia alifuta mikono mbio.

Ikalia.

"Dada, umeamkaje?"

"Salama, mwanangu. Na huko?"

"Alhamdulillahi. Sikiliza, Halua na Kashata usiwape chakula kingi, wasije wakatapika garini. Nawajia mchana. Nimewatengenezea chumba chao, kile cha nyuma, na feni nimewatilia. Stacy atalala nao humo humo, wasiogope."

"Chumba kizima, Swafia?"

"Maskini, si wamezoea nyumba kubwa."

Stacy ndiye aliyekuwa akimfanyia Swafia kazi za nyumbani. Awiti hakuwahi kumwona, lakini tangu asubuhi hiyo alimchukia kana kwamba amemwibia. Akaiweka simu juu ya kabati. Halua, jike jeupe la manyoya marefu, alikuwa amejinyoosha mkekani. Kashata, nduguye, akijilamba tumbo bila haraka. Wivu ukampanda Awiti. Mtu mzima, mwenye mvi zake, anamwonea kijicho paka. Ndiyo, alimwonea, kwa nini aseme uongo? Yeye alikuwa akilala chini ya ngazi, mahali ambapo joto la Machi hukuamsha shuka limelowa, na miaka yote hakuna aliyewahi kumtilia hata dirisha.

"Haya, mabibi harusi," akawaambia. "Nendeni mkapepewe."

Gharib dalali aliingia asubuhi na kanzu iliyopigwa pasi ikakaa, nyuma yake wapagazi wawili wamebeba viti vya matakia ya mahameli mekundu. Viti hivyo havikuwa vya mtu. Gharib alivihamisha kutoka nyumba hadi nyumba, kila inayouzwa, ionekane imekaliwa na wenye nacho.

"Hivi vimeshaniuzia nyumba Mbaraki," alisema, akavipanga ukumbini kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akainua pua. "Mama, bado kuna paka humu."

"Wako watatu."

"Nasema harufu." Akapita akifungua milango, mpaka akafika chumba cha chini ya ngazi. Akatazama kitanda, msalaba ukutani, nguo za kanisani kwenye msumari. "Hiki tutasema ni stoo. Kitanda kitoke, na hivi vitu vyote."

"Hapo ndipo ninapolala."

"Najua. Na mnunuzi akiona kitanda ataniuliza mwenye kitanda anatoka lini. Utanijibia wewe?"

Wapagazi wakakitoa kitanda, naye Gharib akamwachia Awiti magunia mawili. Moja la vitu vyake, la pili la Chongo. Chongo alikuwa dume la vichochoroni, jicho moja limekufa, aliyejileta mwenyewe wakati wa ugonjwa wa Bi Raihana, akawa halali popote ila miguuni pa mgonjwa. Swafia hakumtaka. Na watu wa Mji wa Kale hawaui paka, ni dhambi. Humtia guniani, wakamzungusha hewani mpaka asijue kibla wala magharibi, kisha wakamfungulia soko la samaki, aanze maisha mapya kwenye vichwa na matumbo ya watu wengine. Kurudi hawezi, na aliyemtupa hana dhambi.

"Umzungushe vizuri," Gharib akasisitiza. "Wengine hurudi."

Swafia alifika mchana na matundu mawili ya plastiki ya kubebea paka, ndani yametandikwa vijitaulo vipya. Halua aliingia kwa heshima zake. Kashata alikimbilia chini ya kabati, na Swafia alimbembeleza mpaka akachoka. Ikabidi Awiti alale kifudifudi, amwite kwa sauti aliyokuwa akimwitia kila jioni. Paka akatoka akamjia moja kwa moja kifuani. Awiti akamtia tunduni kwa mikono yake, akafunga mlango. Alitamani amfinye.

Halafu akasema, kabla moyo haujamrudi nyuma: "Na mimi, Swafia?"

"Wewe nini, Dada?"

"Mimi naenda wapi?"

Swafia akatabasamu kama mtu aliyeficha zawadi. Akatoa karatasi mkobani. "Nimeshakukatia tikiti. Basi la leo jioni, Mwembe Tayari, kiti cha mbele usije ukarushwa. Ukapumzike sasa kwenu. Umetuhangaikia sana."

"Kwetu hakuna nyumba. Kaka yangu amelima mpaka palipokuwa mlango wa mama."

"Lakini ni watu wako. Watakutupa?"

Awiti aliitazama tikiti. Ilikuwa na jina lake, tena limeandikwa sawasawa. "Nilidhani huko Nyali," alisema, "kile chumba cha nyuma."

"Kile si nimewapa paka, Dada? Nimekwambia asubuhi." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anayemkumbusha mtu jambo alilosahau, kisha akambusu shavuni, akamsihi asisahau kufukiza udi, akachukua matundu yake. Awiti alisimama mlangoni akiwatazama wakiondoka. Kashata alikuwa akilia ndani ya tundu, na Swafia alikuwa akimwambia, usilie, mamangu, tunakwenda nyumbani.

Maneno hayo yalimchoma kuliko tikiti. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akimwambia Swafia hivyo hivyo, kila alipomtoa chuo cha Kurani analia.

Akatia vitu vyake guniani. Havikulijaza. Akafukiza udi wa marehemu, chetezo kikatoa moshi mzuri ukumbini. Mnunuzi akaja na mkewe, na Gharib akawapandisha moja kwa moja hadi roshani ya juu, waone bahari kwanza kabla ya nyufa.

Awiti akamwita Chongo. Alikuja mara moja, akaingia guniani bila kubishana, kwa kuwa mkono aliujua. Awiti akafunga kamba, akalinyanyua gunia, akaanza kulizungusha. Mara ya kwanza tu paka alitoa mlio mdogo, na Awiti akaona ni yeye anayezunguka: kiti cha mbele, usiku kucha, mpaka kukicha asijue tena njia ya Kibokoni. Akalishusha.

Juu, Gharib alikuwa akisifu upepo.

Awiti alilibeba gunia hadi ukumbini, akafungua kamba, akalikung'uta. Chongo akatoka amevimba mkia. Alinusa viti vya mahameli, vyenye harufu ya nyumba za watu asiowajua, akaona ameingiliwa kwake. Akageuka, akainua mkia, akakirashia cha kwanza. Akaenda cha pili, kisha kile kikubwa cha katikati, bila haraka, mpaka akamaliza kazi yake. Awiti alisimama na gunia tupu mkononi. Hakumfukuza.

Udi na mkojo wa dume vikachanganyika, ukumbi mzima ukageuka. Nyayo zikasikika ngazini zinashuka.

"Subhanallah, harufu gani hii?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, na nyayo zikasita.

Gharib alitangulia kuingia, mkono puani. Aliviona viti vyake, akamwona paka. "Mama, si nilikwambia huyu umwondoe?"

"Huyu ni wa hapa," Awiti alijibu, akajitwika gunia lake kichwani. "Anayeondoka ni mimi."

Akapita mbele ya chumba cha chini ya ngazi. Chongo alikuwa ameshatangulia, amejikunja sakafuni pale pale kilipokuwa kitanda, hakuomba ruhusa kwa mtu. Awiti alisimama akamtazama kidogo. Alimwonea wivu hata yeye. Kisha akavaa viatu vyake kizingitini, akashika njia ya Mwembe Tayari.